Somo la Kutia Mkono

Mbodze alipopata ujumbe wa kuitwa kwenye mahojiano, mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Bi Mwanarusi. Ndiye aliyemfundisha kushona, katika chuo hichohicho cha ufundi ambacho sasa kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Tangu amalize masomo alikuwa akishona sare za shule katika duka moja mtaani Tononoka, Mombasa, kutwa nzima sketi za rinda na mashati ya samawati, na jioni akisomea cheti cha ualimu wa ufundi. Cheti sasa alikuwa nacho. Alichokosa ni mazoea ya kusimama mbele ya watu, na ujumbe ulieleza wazi kwamba kila mwombaji atafundisha somo la mfano mbele ya jopo. Somo lenyewe lilikuwa kutia mkono kwenye blauzi.

Alijua kwamba mwalimu wake aliugua kiharusi. Wakati ule alikwenda kumtazama hospitalini, akamkuta amelala, mdomo umekwenda upande, akarudi bila kusema naye. Baadaye alisikia ametolewa, yuko nyumbani Kibokoni, Mji wa Kale, na anaendelea vizuri. Hilo la kuendelea vizuri alilishika, kwa kuwa lilimfaa kulishika.

Jumamosi alipotoka kazini alinunua machungwa akaingia Mji wa Kale. Aliyemfungulia mlango ni Fadhiya, binti pekee wa Bi Mwanarusi. Walikuwa rika moja, na walijuana tangu siku ambazo Mbodze alikuwa akija pale kumalizia kazi zake za mtihani kwenye cherehani ya nyumbani.

"Karibu, dadangu. Umetutupa."

"Nimewatupa kweli. Mwalimu yuko macho?"

"Yuko macho. Lakini usimsemeshe haraka. Mpe nafasi ajibu."

Bi Mwanarusi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, leso mabegani. Zamani alikuwa mwanamke wa kusimama. Darasa zima asubuhi hadi jioni hakuna aliyewahi kumwona akikalia kiti. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichopewa amshikie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Neno lilitoka zito, limekunjika, lakini sauti ilikuwa ile ile. "Mbodze. Umenenepa."

Walicheka wote watatu. Fadhiya akaketi mkekani na kuanza kumenya machungwa, na Mbodze akaona ndio wakati wa kusema kilichomleta.

"Nimeitwa mahojiano, Mwalimu. Pale chuoni kwetu. Wanataka mwalimu wa ushonaji. Nimekuja unisaidie kujiandaa."

Kisu cha Fadhiya kilisimama katikati ya ganda.

"Nafasi ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Na walimu wa ushonaji pale ni wangapi?"

Mbodze alikuwa amejiambia kwamba chuo kinaongeza walimu, kwa sababu kilijenga karakana mpya na wanafunzi wamekuwa wengi. Alikuwa amejiambia hivyo bila kumuuliza mtu yeyote.

"Mmoja," alisema.

Fadhiya aliweka kisu juu ya sahani, akainuka, akaingia jikoni.

Bi Mwanarusi alinyoosha mkono wa kushoto akataka aone. Mbodze alimshikia simu, naye akasoma taratibu, midomo ikitembea, mpaka mwisho. Kisha akasoma tena.

"Hii ni kazi yangu," alisema. "Mie sijaacha kazi. Ronald alikuja hapa, akaketi hapo ulipoketi wewe. Akanambia nipumzike, nafasi yangu ipo."

Ronald alikuwa mkuu wa chuo.

"Sikujua, Mwalimu. Naapa sikujua. Nitawapigia niwaambie siendi."

"Ukitokwenda wewe, yuwaja mwengine." Alitazama ukuta wa nyumba ya pili uliokuwa karibu hivi kwamba ungeweza kuugusa kutoka dirishani. Mbodze hakujua kama amechoka au anatafuta neno. "Andalio la somo umeandika?"

"Bado."

"Wangoja nini?"

"Mwalimu, mimi siwezi."

"Utakuja hapa kila siku ukitoka dukani. Utanifundisha mie. Nitakuwa mwanafunzi wako."

Mbodze alitazama upande wa jikoni, ambako Fadhiya alikuwa akiosha vyombo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema ndiyo. Njiani akirudi Tononoka alijiambia kwamba asingeweza kumkatalia mgonjwa, na maneno hayo yalikuwa na kiasi cha ukweli ndani yake.

Basi akawa anakwenda. Fadhiya aliwasogezea cherehani ya kanyagio katikati ya chumba, akawaachia.

"Nifundishe kana kwamba sijapata kuona sindano," alisema Bi Mwanarusi siku ya kwanza.

Mbodze alianza kama wanavyoanza mafundi wote. Alishika mkono wa blauzi kwa vidole, akausogeza kwenye tundu la bega, akasema, "Unafanya hivi, halafu unavuta kidogo hivi."

"Hivi ni vipi?"

"Hivi, Mwalimu." Akaonyesha tena.

"Mie sioni. Niko nyuma ya darasa, mbele yangu kuna mtu mrefu. Hivi ni vipi?"

Vidole vya Mbodze vilijua, mdomo haukujua. Ilibidi atafute maneno. Alisema kwamba mviringo wa juu wa mkono ni mkubwa kuliko tundu la bega. Alisema ile ziada haikatwi, inagawanywa. Unapitisha uzi mlegevu pembezoni, unauvuta mpaka kitambaa kijikusanye bila kukunjamana. Bi Mwanarusi alitikisa kichwa, hajaelewa. Mbodze akaanza upya.

"Ni kama umepewa wageni wengi kuliko viti," alisema mwishowe. "Humfukuzi mtu. Unawabananisha kidogo kidogo, kila mmoja asogee, mpaka wote wakae na asionekane aliyebanwa."

"Hapo," alisema Bi Mwanarusi. "Hapo nimeona."

Siku ya pili aliomba pini. Alisema mwanafunzi hakai tu kusikiliza, na chuo cha siku hizi kinapima umilisi, mtu afanye kwa mikono yake. Alizitia kwa mkono wa kushoto, moja moja, na nyingi zilianguka sakafuni. Mbodze aliinama kuziokota na kuinama tena. Akiwa kule chini aliuona ule mkono wa kulia kwa karibu, vidole vimejikunja kuelekea kiganjani, ngozi iking'aa. Aliuangalia kwa jicho la fundi, na fundi hujua. Mkono ule haungeshona tena.

Alisimama, akampa pini zake, wakaendelea.

Kilichomshangaza ni jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akipata nguvu. Mwanafunzi huyu hakuweza kuiga chochote. Kila hatua ilibidi ivunjwe vipande na kuelezwa, na Mbodze akawa anavunja na kueleza, na kila alipotoka pale alihisi ulimi wake umekuwa mwepesi zaidi. Dukani alijikuta akimweleza msaidizi wao jinsi ya kupinda kola, kwa maneno matupu, bila kuigusa.

Baada ya siku kadhaa Bi Mwanarusi alitaka kushona kwa mashine.

"Kitambaa chateleza," alilalamika. "Mkono huu hauzuii."

Mbodze alifikiri. "Ulaze juu yake, Mwalimu. Usijaribu kuutumia. Uache uwe mzigo wa kukizuia tu, na wa kushoto ndio uongoze."

Aliuinua mkono ule mwenyewe akaulaza kando ya mguu wa cherehani, kile chuma kidogo kinachobana kitambaa chini ya sindano. Ulikuwa baridi, na mzito kuliko alivyotarajia. Akalizungusha gurudumu, Bi Mwanarusi akakanyaga kwa mguu wa kushoto, polepole, na mshono ukaanza kwenda. Ulikwenda upande, ukarudi, ukafika mwisho. Bi Mwanarusi aliukaribisha machoni, akaupitisha kwenye shavu lake upande wenye hisia.

"Tena," alisema.

Fadhiya alikuwa akiuza viazi karai kwenye bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, nyakati za jioni. Siku moja Mbodze alimfuata huko, kwa kuwa nyumbani Fadhiya alikuwa hasemi naye zaidi ya salamu. Watu walikuwa wengi, watoto wakikimbizana kwenye nyasi. Fadhiya alikuwa akigeuza viazi kwenye mafuta na hakuinua kichwa.

"Mwache mamangu apumzike," alisema.

"Ni yeye anayetaka."

"Najua ni yeye. Ukishaondoka hatulii. Yuwataka nimzungushie gurudumu mpaka mkono wangu uume. Juzi presha ilikuwa juu, nesi wa kliniki akaniuliza nampa nini mgonjwa huyu."

"Nitaacha kuja."

"Ukiacha, atajua ni mimi niliyekuzuia." Alimhudumia mteja, akamimina ukwaju, akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akamtazama. "Mwambie kweli. Wewe ni fundi. Mwambie kama mkono utarudi ama hautarudi. Mimi nikisema, ni mtoto wake, hanisikizi. Daktari akisema, ni mtu wa kupita. Wewe akikusikia atakubali."

"Nitamwambia," alisema Mbodze.

Hakumwambia. Kesho yake walikuwa wamepanga apitie somo zima tangu mwanzo hadi mwisho, na alihitaji mtu wa kumsikiliza. Alijiambia atasema baada ya mahojiano, ambapo halitamuumiza sana. Somo lile alilifundisha vizuri. Bi Mwanarusi hakumkatiza hata mara moja, na mwisho akamwambia aende akalale mapema.

Asubuhi ya mahojiano Mbodze alikaa kwenye benchi nje ya karakana mpya pamoja na waombaji wengine wawili, kijana aliyevaa tai na mwanamke wa makamo aliyekuwa akisoma karatasi zake kwa sauti ya chini. Milango ya karakana ilikuwa bado inanuka rangi. Ndani, wanafunzi wachache wa mwaka wa pili waliitwa wawe darasa la kufundishwa.

Kijana wa tai ndiye aliyemwona kwanza. "Na yule mama ni mwombaji?"

Bi Mwanarusi alikuwa anaingia langoni. Alivaa buibui, kiatu cha kulia kikiburura, fimbo mkono wa kushoto, na Fadhiya amemshika upande wa pili. Uso wa Fadhiya ulikuwa wa mtu aliyebishana mpaka akachoka. Mbodze alisimama.

Ronald alitoka nje haraka. Alikuwa mtu wa bara, aliyeishi Mombasa miaka mingi, mpole wa kusema.

"Bi Mwanarusi. Karibu, mama. Ungetuambia tungekutumia gari."

"Mtu haombi ruhusa akenda kazini kwake." Alipumua. "Nimesikia muna majaribio ya kazi yangu. Na mie nijaribuni."

"Mama, hii si lazima. Mambo yako yapo kwa bodi, tunayashughulikia."

"Yashughulikieni. Mie nitakuwa wa kwanza."

Ronald aligeuka kumtazama Wanza, mjumbe wa bodi aliyekuwa amesimama mlangoni na faili kifuani. Wanza aliinua mabega. Hakuna aliyetaka kuwa wa kumrudisha mwanamke huyu mbele ya watu, na pengine walidhani kumpa dakika chache ndiyo njia ya heshima. Ronald akamfungulia mlango.

"Mwalimu," alisema Mbodze alipopita mbele yake.

"Wewe keti. Zamu yako itafika."

Madirisha ya karakana yalikuwa wazi kwa joto. Walisikia viti vikisukumwa. Wanafunzi walikuwa wamesimama wote, bila kuamriwa. Kisha wakasikia sauti ya Bi Mwanarusi, nzito, ya taratibu, ikiwaambia wakae.

Alifundisha. Maneno yalikuwa yakimkwama na alikuwa akiyangoja, na darasa likangoja naye. Alieleza mviringo wa mkono na tundu la bega. Alieleza wageni na viti, na wanafunzi wakacheka, na Mbodze huko nje akahisi joto likimpanda usoni, kwa kuwa mfano ule ulikuwa wake, na katika mdomo wa Bi Mwanarusi ulikuwa mzuri zaidi. Mwanamke wa makamo aliacha kusoma karatasi zake. Kijana alilegeza tai. Kwa muda ilionekana kana kwamba jambo lile lingewezekana.

"Sasa twashona," alisema Bi Mwanarusi.

Mbodze alisimama akaenda dirishani. Mashine zilikuwa za umeme, mpya, ambazo zilinunuliwa mwalimu akiwa kitandani. Fadhiya, aliyekuwa amesimama ukutani, alipiga hatua mbele, na mamake akamzuia kwa jicho.

"Hii yakanyagwa vipi?"

"Unagusa tu kwa mguu, Mwalimu," alijibu Stacy, msichana aliyekaa mbele. "Haina gurudumu. Inakwenda yenyewe."

"Afadhali," alisema Bi Mwanarusi.

Aliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya kitambaa cheupe, kando ya mguu wa cherehani, pale pale Mbodze alipomfundisha. Mbodze alitaka kuita. Alifikiria jopo, akafikiria kwamba ataonekana anaharibu somo la mwenzake, na wakati bado anafikiria, mashine iliondoka.

Iliondoka kwa kasi ambayo Bi Mwanarusi hakuitazamia. Kitambaa kilivutwa, na mkono uliokuwa juu yake ukavutwa pamoja nacho. Mguu wake wa kushoto, kwa kushtuka, ulikanyaga zaidi badala ya kuachilia. Kukasikika mlio mdogo wa kitu kuvunjika, kisha mashine ikasimama. Bi Mwanarusi alishusha pumzi, akaangalia mshono.

"Mwaona," aliwaambia, "hakikukunjamana."

Wanafunzi hawakuwa wanaangalia mshono.

"Mwalimu," alisema Stacy. "Mkono wako."

Bi Mwanarusi aliutazama mkono wake wa kushoto, akaugeuza huku na huku. Huo ndio mkono aliokuwa akiuhisi. Haukuwa na kitu. Alimtazama Stacy kwa kutoelewa, na ilibidi Fadhiya afike, ainame, ainue mguu wa cherehani, ndipo mamake akaona damu iliyokuwa ikitambaa kwenye kitambaa cheupe na kipande cha sindano kilichosimama katika ukucha wa kidole chake cha shahada.

Hakulia, kwa maana hapakuwa na maumivu. Aliuliza, "Nimeharibu mashine?"

Wanza alifunika mdomo kwa faili.

Walimtoa kwa gari la Ronald. Fadhiya alikuwa amekifunga kidole kwa ushungi wake mwenyewe, na Mbodze alikwenda nao mpaka langoni, akishika mlango wa gari.

"Ngoja nije nanyi."

"Rudi," alisema Fadhiya. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Rudi ukafanye ulilokuja kufanya."

Alirudi. Kitambaa kilikuwa kimeondolewa na sindano mpya imetiwa. Wasichana wawili walikuwa wamevimba macho. Wanza alimuuliza kama yuko tayari, au angependa waahirishe, na Mbodze akasema yuko tayari. Alifundisha. Hakusema "hivi" hata mara moja. Aliwaacha wageni na viti akatafuta mfano mwingine pale pale, na ukaja bila shida. Stacy alipokosea, alimweleza kwa maneno mpaka akapata, mikono yake Mbodze ikiwa nyuma ya mgongo. Aliona jopo likitazamana na kuandika. Alijiona akifanya vizuri, na alijichukia kwa utulivu ule, lakini haukumtoka.

Wiki iliyofuata walimpigia simu kwamba kazi ni yake.

Alikwenda Kibokoni. Alikuwa na nia ya kusema yeye kwanza, kabla hawajasikia kwa mtu. Fadhiya alimfungulia akampisha. Bi Mwanarusi alikuwa kwenye kiti chake, kidole kimefungwa bandeji nene. Cherehani ilikuwa imerudishwa kwenye kona na kufunikwa shuka.

"Wamekupa," alisema Bi Mwanarusi.

"Wamenipa."

"Ulistahili. Nilikufundisha vizuri." Alimeza mate kwa taabu. "Nataka nikuulize, na unijibu kweli. Wewe ulijua mkono huu hauwezi?"

Mbodze angeweza kusema hakujua. Fadhiya alikuwa nyuma yake, amesimama kwenye kizingiti cha jikoni.

"Nilijua, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotia pini."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nahitaji mtu wa kumfundisha," alisema Mbodze.

Mtaani mtu alikuwa akipita na mkokoteni, magurudumu yakigonga mawe. Bi Mwanarusi alifumba macho, na Mbodze akaona machozi yakitoka kwenye jicho moja tu, lile la upande mzima.

"Nilisimama mbele ya wanafunzi wangu," alisema. "Naongea. Damu yanitoka, na mie naongea."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Kukusamehe si kazi." Alifumbua macho. "Lakini usije tena. Nikikusikia ukipiga hodi, nauona ule mkono pale kitambaani. Wewe nenda kafundishe."

Mbodze alitaka kuubusu mkono wake wa kushoto, kama wafanyavyo watoto wa mji ule kwa wakubwa wao, lakini Bi Mwanarusi alikuwa ameshaugeuza uso kuelekea dirishani. Akaondoka.

Muhula ulianza. Wanafunzi walimwita Mwalimu, walisimama alipoingia, walifanya alichowaambia. Hakuna aliyemuuliza swali. Akimaliza kueleza, akiuliza kama wameelewa, wote waliitika ndiyo kwa pamoja, na kazi zao zikawa zinaonyesha kwamba hawakuelewa. Stacy aliomba kuhamia ufundi wa saluni, akahamishwa. Mbodze alijaribu upole, akajaribu ukali. Siku moja alimwendea Ronald kuuliza habari za malipo aliyostahili Bi Mwanarusi. Ronald alisema faili liko kwa bodi, akasema anasikitika sana, na Mbodze aliamini kwamba anasikitika. Faili lilibaki kwa bodi.

Asubuhi moja, mvua za masika zikiwa zimeanza, alifika karakanani akakuta viti vitupu. Aliwasha taa, akaandika somo ubaoni, akangoja. Alidhani barabara zimefurika. Alipokuwa akingoja ndipo alipogundua kwamba chuo kizima kilikuwa na kelele za kawaida. Darasa lake peke yake ndilo lililokuwa kimya. Alitoka akamuuliza bawabu, mzee Kahindi.

"Wameondoka mapema," alisema Kahindi. "Wamekwenda msibani. Hukuambiwa, Mwalimu? Bi Mwanarusi amefariki alfajiri. Maziko ni leo baada ya adhuhuri."

"Nani aliwaambia?"

"Binti yake alimpigia Stacy. Stacy akawaambia wenzake wote." Kahindi alikwepesha macho. "Nilidhani na wewe umeambiwa."

Mbodze alirudi ndani, akafuta ubao, akafunga karakana. Alipita chumbani kwake akachukua leso, akajitanda. Mvua ilikuwa nyepesi alipoingia Kibokoni. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye viti vilivyopangwa uchochoroni, wakampisha bila kumtazama. Mlangoni viatu vilikuwa vimerundikana, na kati yake alitambua viatu vya wanafunzi wake.

Ndani wanawake walikuwa wamekaa chini wamebanana, wengine wakisoma sura ya Yasini kwa sauti moja ya chini. Wanafunzi wake walikuwa pamoja, karibu na ukuta. Walimwona. Mmoja aliinamisha kichwa, wengine wakabaki wakimtazama kama mtu wasiyemjua vyema. Hakuna aliyesogea. Mbodze aliketi palipokuwa na nafasi, kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, mvua ikimlowesha bega moja.

Alikaa hivyo muda mrefu. Hakuwa na la kusoma wala mtu wa kumpa pole. Alilia kidogo, akaacha, kwa kuona haya ya kulia mbele ya wenye haki ya kulia.

Fadhiya alitoka chumba cha ndani akiwa na birika la maji na gilasi. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Alipofika kizingitini alisimama, akamtazama Mbodze kutoka juu, na Mbodze akangoja aambiwe aondoke.

"Sogea ndani," alisema Fadhiya. "Hapo utakanyagwa."

Kisha akapita, akawapelekea maji wazee waliokaa nje.